Shotigani na Raifoli za Nakala Kutoka Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wamiliki wa Mkoa wa Tanga

Majibu haya ni kwa wenye leseni na wanaoomba leseni: wakulima wa Muheza, Handeni na Mkinga wanaosumbuliwa na nguruwe pori na ngedere, wawindaji halali, na kampuni za ulinzi zenye walinzi kwenye mashamba ya mkonge na maghala. Tunaposema nakala hatuna maana ya bunduki bandia. Ni bunduki halisi iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa kufuata muundo wa bunduki iliyokwisha kujulikana. Nyingine ni nzuri kabisa. Nyingine usiipokee hata ukipewa bure.

Kabla ya ukaguzi wowote unaoelezwa hapa: toa magazini au risasi zote, fungua bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), tazama chemba (tundu inamokaa risasi) kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukiiweka chini na kuishika tena, rudia. Mtutu uelekee mahali pasipo na mtu muda wote.

Nakala zinatoka wapi, na zinaiga nini?

Shotigani nyingi za nakala zinazouzwa duniani zinatoka Uturuki. Wilaya ya Beyşehir, mkoa wa Konya, ina miji miwili midogo, Huğlu na Üzümlü, ambako karakana za bunduki zimejipanga mtaa kwa mtaa. Ushirika wa Huğlu ulianzishwa mwaka 1962. Karakana moja inaweza kutengeneza bunduki ileile kwa waagizaji kumi, kila mmoja akaandika jina lake ubavuni. Ndiyo maana jina lililochorwa kwenye bunduki linakusaidia kidogo sana. Muulize muuzaji kiwanda, si chapa.

Zinazoigwa zaidi ni Remington 870 ya pampu, iliyotoka mwaka 1950, na Benelli za Italia zinazojipakia zenyewe. Norinco ya China ina nakala ya 870 iitwayo Hawk 982, na raifoli ya .22 iitwayo JW-15 inayofuata muundo wa Brno. Kwa raifoli za bolti, mama wa karibu zote ni Mauser ya mwaka 1898. Zastava ya Kragujevac, Serbia, inatengeneza M70 ya bolti juu ya msingi huo, na hiyo ni nakala iliyokomaa mpaka watu wamesahau kwamba ni nakala.

Naweza kumiliki raifoli inayofanana na SMG (AK-47)?

Hapana, na usimsikilize dalali anayekuambia kuna njia. Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, ambayo inataka nchi wanachama zipige marufuku raia kumiliki raifoli za kufyatua mfululizo na zile za kujipakia zenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosimamia leseni zetu. Leseni hutangulia, bunduki hufuata, na aina uliyoombea ndiyo utakayonunua.

Swali hili linaulizwa sana kwa sababu video za mitandaoni zinatoka Marekani, ambako nakala za SMG huuzwa madukani. Somo la huko lina faida hata kwa mwenye shotigani ya Pongwe, kwa hiyo tulieleze.

Katika SMG, bolti hufunga kwenye pande nene la chuma lililo mbele ya bodi, mahali mtutu ulipopachikwa. Bodi yenyewe ni bati tu lililokunjwa. Kwenye AKM, toleo la SMG la mwaka 1959, lina unene wa milimita 1. Presha yote inabebwa na lile pande na meno mawili ya bolti. Raifoli zilizotoka kiwanda cha Cugir, Romania, zilichekwa sana na Wamarekani: kilengeo cha mbele kimepinda, magazini inacheza, mbao kama za kreti. Lakini pande lile lilikuwa limefuliwa, na mtutu una kromu ndani. Zikaendelea kupiga mwaka baada ya mwaka. Wakati huohuo baadhi ya nakala zilizotengenezwa Marekani kwenyewe, zenye rangi safi na mbao za kung'aa, zilikuwa na pande la chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Meno ya bolti yakaanza kulibonyeza, nafasi kati ya bolti na risasi ikakua, na bunduki ikawa hatari ikiwa bado inaonekana mpya.

Ukaguzi wote unaofuata unatokana na hilo. Anza na kinachobeba presha. Rangi na mbao viangalie mwisho.

Kwa nini bunduki mbili za kiwanda kimoja zinatofautiana?

Mashine za kukata chuma za siku hizi ni sahihi karibu kila mahali. Tofauti inaingia kwenye kazi mbili: kukifanya chuma kiwe kigumu kwa moto, na kumalizia kwa mkono. Pini ya kupigia ikipashwa kupita kiasi na kupozwa haraka inakuwa ngumu lakini inavunjika kama kioo. Ikipashwa kidogo inakaa laini, ncha inajitandaza, na fataki (viwashio vya kitako cha risasi) haziwaki. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kumalizia kwa mkono ni gharama ya mishahara, na kiwanda kinachouza kwa bei ya chini kinapunguza hapo kwanza: kingo za chemba zinabaki na makali, ukucha wa kuchomolea ganda haujanolewa vizuri, ndani ya bodi kuna vyuma vilivyosagika bado vimeganda kwenye grisi ya kusafirishia.

Hiyo grisi itoe yote kabla hujapiga risasi ya kwanza. Malalamiko mengi ya "bunduki mpya inakwama" yanaishia hapo.

Nikiwa dukani, nikague nini kabla ya kulipa?

Nenda na tochi ndogo, sumaku, maka peni, kitambaa cheupe, mizani ya springi kama ile ya kupimia samaki, na risasi za mazoezi zisizo na baruti za ukubwa wa chemba yako. Muuzaji akikataa bunduki isifunguliwe, ondoka.

Mtutu kwanza. Utoe, uelekeze kwenye anga jeupe au ukuta wenye mwanga, utazame kutoka upande wa chemba. Utaona duara za kivuli ndani yake. Zikiwa zimekaa katikati, moja ndani ya nyingine, mtutu umenyooka. Duara ikisogea upande mmoja mtutu umepinda, na hakuna fundi wa mtaani atakayekunyooshea. Zungusha mtutu taratibu ukitazama: kivuli cheusi cha mviringo kinachobaki palepale ni uvimbe, dalili ya kwamba risasi ilipigwa kukiwa na kizuizi ndani. Bunduki ya namna hiyo haifai kwa bei yoyote.

Kisha chemba. Mulika tochi kwa mlalo. Mistari myembamba ya mashine inayozunguka ndani ya chemba ndiyo chanzo cha maganda kung'ang'ania, kwa sababu plastiki ya ganda ikipata moto hujaa kwenye mifereji hiyo. Pitisha kitambaa cheupe kwenye ukingo. Kikivuta nyuzi, kingo zina makali.

Kwenye bolti, paka meno ya kufungia kwa maka peni, yaache yakauke, rudisha bolti, funga na fungua mara 20. Toa utazame wapi wino umefutika. Yakiwa meno mawili, wino ufutike kwenye yote mawili. Likigusa moja tu, jino hilo peke yake ndilo litakalobeba kila mlipuko. Kwenye shotigani za pampu zenye kitasa kimoja juu ya bolti, mguso uwe wa upana wote wa kitasa.

Sumaku ni ya kujua kipi ni chuma na kipi ni aluminiamu. Bodi ya aluminiamu si kasoro, kama tunavyoeleza mbele. Lakini bolti, na kipande cha nyuma ya mtutu ambacho bolti hufungia, lazima vishike sumaku. Visipoishika, hiyo si bunduki ya kupiga risasi za kawaida.

Usalama upimwe hivi, bunduki ikiwa tupu na risasi ya mazoezi ndani. Koki, washa sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia. Sasa toa sefti bila kugusa kifyatulio: nyundo isianguke. Ikianguka, sefti inazuia kidole tu na haizuii nyundo. Rudia ukiwa umetoa sefti, gonga kitako kwa kiganja mara tano sita, nyuma na ubavuni. Nyundo ibaki juu. Halafu ning'iniza mizani kwenye kifyatulio na uvute taratibu: kwa bunduki ya shambani kilo 2 hadi 3 ni sawa. Chini ya kilo 1.5 ni hatari mikononi mwa mlinzi anayeshtuka usiku. Juu ya kilo 4 utavuta bunduki yote pembeni ndipo ipige.

Mwisho pitisha risasi za mazoezi, tano tano, mara nne. Koki kwa nguvu kama ungekuwa shambani, si kwa kubembeleza. Na linganisha namba ya bunduki kwenye bodi, kwenye mtutu kama ipo, na kwenye karatasi. Namba iliyokwaruzwa au kupigwa upya juu ya nyingine ni kesi ya polisi.

Alama ndogo zilizogongwa kwenye mtutu zinasema nini?

Zinaweza kusema jambo kubwa kuliko maneno yote ya muuzaji. Nchi zilizo katika chombo cha kimataifa cha kupima silaha, C.I.P., kilichoanza Liège mwaka 1914, hupiga kila bunduki risasi za majaribio zenye presha kubwa kuliko ya kawaida kabla haijauzwa. Kwa shotigani ya namba 12, risasi za kawaida zina kikomo cha baa 740 na majaribio hufanywa kwa baa 930. Zile za nguvu zaidi zina kikomo cha baa 1,050 na majaribio ni baa 1,320. Bunduki ikipita bila ufa wala uvimbe inagongwa muhuri wa nyumba ya majaribio: Birmingham, London, Liège, Saint-Étienne, Gardone Val Trompia, Eibar, Ulm na kwingine.

Nakala iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya mara nyingi inakuja na alama hizo. Nakala ya modeli hiyohiyo iliyokwenda moja kwa moja soko lingine inaweza kukosa. Ukiwa na mbili mbele yako kwa bei zinazokaribiana, chukua yenye alama. Alama haikuambii kama bunduki itakwama au haitakwama. Inakuambia kwamba ilibeba presha na haikupasuka, na kwa mtu anayeweka shavu lake juu ya bodi, hilo si dogo.

Neno lililochongwa kwa leza kama "imejaribiwa" bila muhuri wa nyumba yoyote ni ahadi ya kiwanda tu.

Imeandikwa 12/70. Naweza kutumia risasi za 76?

Usifanye hivyo hata mara moja. Hapo 12 ni namba ya shotigani, na 70 ni urefu wa chemba kwa milimita. Hili ndilo kosa tunalotaka kila mlinzi na kila mkulima alijue, kwa sababu bunduki yenyewe haikuzuii. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ya shotigani ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomoni ni fupi, kwa hiyo risasi ya milimita 76 inaingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70 na bolti inafunga. Ikipigwa, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, unaingia kwenye koo la mtutu na kulibana. Marisau na kizibo kinachoyasukuma vinapita kwenye tundu lililopungua, presha inapanda ghafla. Mtutu wenye chuma kizuri unaweza kustahimili mara kadhaa. Wa bei ya chini unaweza kufunguka ubavuni, karibu na mkono wa kushoto.

Kinyume chake ni salama: chemba ya 76 inapokea risasi za 70. Za kujipakia zenyewe zinaweza kukosa nguvu ya kujikoki kwa risasi nyepesi, lakini hilo ni usumbufu tu.

Bodi ni aluminiamu. Si itapasuka?

Haipasuki kwa sababu hiyo. Kwenye shotigani nyingi za kisasa bolti inafunga kwenye kipande cha chuma kilichoshikamana na mtutu. Mlipuko unabaki kati ya mtutu na bolti, bodi inaongoza tu vyuma vinavyotembea. Faida yake Tanga ni kwamba aluminiamu haishiki kutu ile nyekundu. Hasara yake ni matundu ya pini: yakichakaa yanakuwa ya yai, kifyatulio kinaanza kucheza. Angalia hapo kwenye bunduki iliyotumika.

Pampu au ya kujipakia yenyewe?

Kwa ulinzi na shamba, kama bajeti yako ni ya nakala, chukua pampu. Mkono wako ndio injini, kwa hiyo risasi dhaifu au chafu haisimamishi kazi. Unakoki, inaruka, unaendelea. Tafuta yenye fito mbili zinazounganisha mshikio na bolti. Ya fito moja inajipinda ukikoki kwa haraka, na siku moja inakwama nusu ya safari.

Za kujipakia ziko za aina mbili. Za gesi huchukua sehemu ya moshi wa baruti kupitia vitundu kwenye mtutu na kusukuma pistoni. Zinatuliza mpigo begani, lakini zinakusanya masizi, na kwa hewa yetu ya unyevu masizi hayo yanakuwa kama lami. Pete ya mpira ya pistoni ikichoka, bunduki inageuka ya risasi mojamoja. Za msukumo wa nyuma, mfumo ambao Bruno Civolani wa Italia aliubuni na Benelli wakaufanya maarufu, hazina gesi. Bunduki yote inaporudi nyuma, bolti inabaki palepale kidogo kwa uzito wake, springi fupi nene iliyo ndani inabanwa, kisha inafungua. Ni safi na ina vipande vichache. Waturuki wameiiga kwa wingi, na wengi wameiiga vizuri.

Udhaifu wake uujue mapema. Inahitaji bunduki irudi nyuma kweli. Ukifunga tochi nzito, mkoba wa risasi na magazini ndefu, uzito unazuia mwendo na bolti haifunguki vizuri. Mlinzi anayepiga akiwa ameegemeza kitako ukutani atapata tatizo hilohilo. Risasi za gramu 24 mara nyingi hazitoshi kwa nakala mpya. Anza na gramu 32 au 36. Tatizo jingine ni bolti kutofunga kabisa ukiirudisha taratibu kwa mkono: meno hayazunguki, unavuta kifyatulio, unasikia "tik". Iachie ijirudie yenyewe kwa nguvu ya springi.

Zile zenye umbo la kijeshi, magazini ya sanduku chini na mshikio kama wa bastola, tunawashauri walinzi waziache. Risasi ya shotigani ina mdomo wa plastiki. Ikikaa wiki nyingi imebanwa ndani ya sanduku inabonyea na kuwa ya yai, kisha haipandi chembani. Magazini zake pia hazibadilishani kati ya viwanda hata kama zinafanana kwa macho. Na afisa wa leseni anaweza kukuuliza maswali ambayo shotigani ya kawaida isingeulizwa.

Nitajuaje kama inapiga inapotazama?

Pima kwa karatasi, kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Tandika karatasi ya upana wa mita 1.2 hivi, weka alama katikati, simama mita 36. Piga risasi moja kwa kila karatasi, karatasi tano. Kisha tafuta mahali marisau yalipokusanyika zaidi, chora duara la kipenyo cha sentimita 75, hesabu matundu. Fungua risasi moja ya pakiti hiyohiyo uhesabu ilikuwa na marisau mangapi. Choki ni ule ubano wa mdomo wa mtutu: choki kali iweke takriban asilimia 70 ndani ya duara, choki ya kati 60, choki nyepesi 50, mtutu usio na choki 40.

Asilimia ikipungua kidogo si tatizo. Kinachotuhusu kwenye nakala ni kitovu cha duara. Kikiwa sentimita 10 pembeni ya alama unaweza kuishi nacho. Kikiwa sentimita 30, na imerudia karatasi zote tano, mtutu au nyuzi za choki zimekatwa pembeni, na bunduki irudi dukani. Kabla ya kupiga, tazama pia choki ikiwa imefungwa: ukingo wake wa ndani usichomoze kuingia kwenye njia ya marisau hata kwa unene wa ukucha. Ukichomoza, risasi itaing'oa. Na risasi yenye pande moja zito badala ya marisau usiipitishe kwenye choki kali.

Raifoli ya bolti ya nakala, nini cha kuangalia zaidi?

Nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyoketi chembani. Hupimwa kwa vipimo maalumu vya chuma, na kwa .308 vipimo vitatu vinavyotumika vina urefu wa milimita 41.40, 41.50 na 41.61. Bolti ifunge kwenye cha kwanza bila kulazimisha. Isifunge kwenye cha pili kama bunduki ni mpya. Ikifunga kwenye cha tatu, bunduki isipigwe tena. Tofauti kati ya salama na hatari ni milimita 0.2, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba anaipima kwa macho. Fundi mwenye leseni awe na vipimo hivyo, kama hana tafuta mwingine.

Bila vipimo, maganda yaliyopigwa yanasema. Fataki iliyochomoza nyuma ya ganda, au mstari unaong'aa unaozunguka ganda sentimita moja hivi juu ya kitako chake, ni onyo. Nyoosha waya mwembamba, pinda ncha yake, ikwaruze ndani ya ganda kuelekea kitako. Ukihisi bonde hapo, ganda linakaribia kukatika. Acha kuipiga siku hiyohiyo.

Mbona inashika kutu wakati ni mpya?

Kwa sababu ya bahari, jasho na rangi nyembamba. Rangi nyeusi-buluu ya bunduki si ganda la kinga. Chenyewe ni aina ya oksidi ya chuma, na bila mafuta haizuii lolote. Nakala za bei ya chini huipata juu ya chuma ambacho hakikusuguliwa vizuri, na vitundu vidogo vinashika chumvi. Kwa mtu wa Raskazone, Mwambani, Pangani au Kigombe, hewa yenyewe ina chumvi, hasa upepo unapotoka baharini. Alama za vidole huonekana nyekundu kesho yake.

Ukichagua, tafuta mtutu wenye kromu ndani, na nje ya mtutu rangi ya kijivu isiyong'aa, ya fosfeti, ambayo inanyonya mafuta na kuyashika. Kromu ikaguliwe chembani pia. Wengine wanaipaka kwenye mtutu na kuacha chemba uchi.

Kuna chanzo kingine ambacho wamiliki wa raifoli wasikisahau. Risasi za zamani za kijeshi za nchi za Mashariki zilitumia fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha: mimina mtutuni, kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Ifanyike jioni ileile.

Mafuta gani yanafaa?

Mafuta ya bunduki yakipatikana. Yasipopatikana, mafuta mepesi ya cherehani ni mbadala mzuri kwa sababu ni ya madini na hayagandi. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda, na baada ya miezi michache yanakuwa gundi kwenye pini ya kupigia. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina asidi na masizi, inakula chuma. Weka kidogo: kitambaa kilicholowa na kukamuliwa kinatosha. Mafuta yakizidi yanatiririka mpaka kwenye kitako na kulainisha mbao, na yakifika kwenye fataki ya risasi yanaiua.

Wakati wa masika pangusa nje kila wiki, hata kama haijatoka kabatini.

Bunduki inakwama. Nianzie wapi?

Tazama ganda, litakuambia. Fataki ina alama hafifu: pini ya kupigia ni chafu au fupi, springi ya nyundo imelegea, au bolti haikufunga. Safisha tundu la pini kwanza. Ganda limebaki chembani na ukingo wake umenyofoka: chemba ina mikwaruzo. Ukingo ni mzima ila limebaki: ukucha umelegea au springi yake ni dhaifu. Ganda limetoka chembani lakini limebanwa mlangoni: kwa pampu hukukoki mpaka mwisho, kwa ya kujipakia risasi ni nyepesi. Risasi mbili zimetoka kwenye magazini kwa pamoja: kizuizi cha magazini kimechakaa, na hilo kwenye nakala za pampu ndilo linalotokea zaidi.

Ukivuta kifyatulio na haikupiga, ielekeze mbele salama uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua. Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, acha kabisa na utazame mtutu. Kizibo kinaweza kuwa kimebaki ndani, na risasi inayofuata ndiyo inayoleta ule uvimbe tuliousema juu.

Vipuri vya asili vinaingia kwenye nakala?

Baadhi. Usinunue kwa kuambiwa "zinaingiliana". Choki ndizo zinazoingiliana mara nyingi, kwa sababu viwanda vingi vya Uturuki vimefuata nyuzi za Beretta na Benelli, lakini ijaribu kwa vidole: izunguke mpaka mwisho bila kulazimishwa. Bolti na ukucha usivibadilishe bila fundi kupima upya. Siku ya kununua, ongeza pini ya kupigia moja, ukucha mmoja na springi yake, springi ya magazini, na pete mbili za mpira kama ni ya gesi. Muuzaji asiyeweza kukuletea hivyo leo hataweza mwaka kesho.

Kukata mtutu, kubadilisha urefu wake au kufungua mfumo wa kufyatua ili uharakishe ni kosa la jinai. Hata matengenezo ya kawaida yafanywe na fundi aliyesajiliwa.

Kasha lililokuja nayo lina sponji ndani. Niitunze humo?

Libaki la kusafiria. Sponji inanyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Ngozi na ala za manyoya hufanya vivyo hivyo. Nyumbani isimamishwe kwenye kabati la chuma lililofungiwa ukutani, mtutu ukitazama chini ili mafuta yasishukie kitakoni, pakiti mbili tatu za chembechembe za kunyonya unyevu zikiwa sakafuni mwa kabati. Chembechembe zikishalowa zikaushe kwenye moto mdogo uzirudishe. Risasi zikae kwenye kisanduku chao chenye kufuli, mahali pengine.